Kadi Ndogo Uliyoitaka

Swabra mwanangu,

Siku hizi salamu zangu unazijibu kwa kutikisa kichwa, na sikulaumu. Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi haitakukazia macho ikingoja umalize kuisoma.

Umekwenda Mkomani kumuaga bibi yako, na namjua, hatakuachilia kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye kiti chako mbele ya mashine. Nimeizima, nimeweka karatasi pale unapopumzisha mkono wako wa kulia. Nje watoto wa jirani wanagombania baiskeli. Begi lako liko mlangoni, umelifunga tangu jana. Sitakuandikia namna ya kukaa na wenye nyumba huko Arabuni, wala uvae nini, wala dawa ya tumbo. Hayo shangazi yako ameyasema mpaka yameota ndevu. Mimi nataka tuzungumze habari ya kadi.

Najua. Mtoto anakwenda kufua na kupika kwenye nyumba za watu, na mamake anamwandikia habari ya kadi ya kompyuta. Lakini ndiyo iliyotufikisha hapa, na wewe na mimi hatujawahi kuizungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Kila tulipoanza, mmoja wetu aliinuka akatoka. Leo siinuki.

Ulikuwa mdogo nilipoanza kazi hii. Babako alishapata kazi ya boti Ras Kitau, anarudi nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa, na mimi nilipiga picha za harusi kwa kamera ya kuazima. Unajua usiku wa wanawake ulivyo. Mwanamume hakanyagi. Simu zinakusanywa mlangoni kwenye kikapu, na mama mmoja mkali anakaa na kikapu chake mpaka mwisho. Kamera inayopita ni moja tu, ya mwanamke anayeaminika, na hapa Amu mwanamke huyo nilikuwa mimi. Watu waliojifunika mwaka mzima walivua buibui mbele yangu. Walicheza nywele wazi, walilia, walitaniana matusi ambayo mume hajawahi kuyasikia. Hakuna aliyegeuza uso nikipita, kwa sababu walijua picha zile zitakwenda kukatwa na kuungwa ndani ya nyumba yetu hapa Wiyoni, na binti yangu, kisha zitarudi mikononi mwao.

Mashine tuliyoanza nayo ndiyo hii hii. Ilitoka kwenye ofisi moja iliyobadilisha kompyuta zake, kasha jembamba, limelala kama kitabu. Kwa picha za zamani iliweza. Tuliponunua kamera mpya, ikaanza kukwama. Ukitazama video ilikuwa inarukaruka, bibi harusi anainua mkono mara unamwona ameshaushusha. Kuitoa video moja iliyokamilika kulichukua usiku kucha, na stima ikikatika alfajiri tunaanza upya. Ndipo uliposema tunahitaji kadi ya grafiki, kifaa cha kuchomeka ndani ya mashine ili kiibebee kazi ya picha.

Ulikaa na simu yako wiki nyingi ukisoma na kutazama watu wakizijaribu. Siku uliyonieleza nilikuwa nakuna nazi, na nakumbuka ulivyochuchumaa mbele ya mbuzi ukanishika goti nisikilize vizuri.

"Mama, pawa saplai ya mashine yetu, kile kisanduku cha umeme, ni ndogo. Imewekwa kutosha mashine yenyewe tu, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Kuna kadi ndogo, hazizidi wati sabini na tano. Hizo zinanywa umeme palepale zinapochomekwa, kwenye ubao wa ndani, hazitaki waya. Na zinauzwa na kibati kifupi, zinaingia kwenye kasha jembamba kama letu."

"Zina nguvu?"

"Ya kutosha. Sisi hatuchezi gemu, Mama. Tunakata video. Kadi ina sehemu yake maalumu ya kukandamiza video, na sehemu hiyo iko hata kwenye hizi ndogo."

Ya kutosha. Swabra, neno hilo ndilo lililonikera, na wewe hukuwa na njia ya kujua. Mimi nimelelewa Pate kwa neno hilo. Babangu alilima tumbaku, na kila kilichoingia nyumbani mwetu kilikuwa cha kutosha. Leso ya kutosha, samaki wa kutosha, viatu vya dada yangu vilivyonitosha mimi. Nilipoletwa Amu kuolewa, wanawake walikuja kutazama vyombo vyangu, mmoja akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mashaallah, vinatosha." Nilitabasamu. Lakini tangu siku ile nilijiwekea kwamba siku nitakayonunua kitu kwa jasho langu mwenyewe, nitanunua kinachozidi.

Tukaenda Mombasa. Unalikumbuka lile duka, feni ya dari inazunguka na joto halipungui. Kijana muuzaji alikutolea kadi yako, mpya, ndani ya boksi lake, ina feni moja ndogo, unaweza kuifunika kwa kiganja. Uliishika kama mtu aliyeshika kifaranga. Kisha akanitazama mimi.

"Mamangu, hii ni ya wanafunzi," alisema. "Mwenye kazi hanunui hii. Ngoja nikuonyeshe."

Akaleta ile nyingine. Ndefu kama mkono mpaka kiwiko, feni mbili, nzito. Ilikuwa imetumika, na bei yake sawa na ile ndogo mpya.

"Imetumika wapi?" ulimuuliza.

"Kwa mtu tu. Alikuwa ameiweka mahali inafanya kazi."

"Usiku na mchana?"

Akacheka, hakujibu. Ulinivuta pembeni, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hii inataka waya ambao hatuna. Na haitaingia kwenye kasha." Yule kijana alikusikia, akatoa kwenye droo waya wa kuunganishia, akasema unachukua umeme kwenye waya wa diski na kasha unaliacha wazi tu, watu wengi hufanya hivyo.

Nilikutazama, nikaitazama ile kadi kubwa, nikamwambia aifunge.

Njia nzima mpaka gati la Mokowe ulitazama nje ya dirisha. Mimi nilikuwa nimeipakata mapajani.

Na ilifanya kazi, hilo ndilo baya. Kama ingekataa siku ya kwanza, leo ungekuwa unapika chakula cha jioni hapa. Ilikwenda, na vizuri. Kifuniko cha kasha tulikitoa kikakaa chini ya kitanda, kadi ikachomoza nje kama mguu wa mgonjwa, na feni zake ulizisikia kutoka barazani. Video iliyochukua usiku kucha ikawa inatoka kati ya adhuhuri na alasiri. Wageni walipokuja niliwaonyesha. Wewe ulikuwa ukipangusa vumbi na chumvi kwa brashi ya rangi, kila siku, maana kasha liko wazi na upepo wetu unajulikana. Uliniambia pawa saplai inapata moto. Nilikuambia ufungue dirisha.

Kisha ikaja harusi ya Fatma wa Bi Mwanaesha. Nataka uijue tena kwa upande wangu. Bi Mwanaesha ndiye mwanamke wa kwanza wa mji huu aliyenifungulia mlango nilipokuwa mgeni, na Fatma nilimbeba mgongoni. Harusi yao ilikuwa kubwa, na Fatma alitakiwa kumfuata mumewe Mombasa, kwa hiyo mamake alitaka video kabla hajaondoka. Wewe ulishikwa na homa, umelala chumba cha ndani. Nikasema mara hii nitaitoa mwenyewe. Niliiwasha baada ya adhuhuri, nikaenda jikoni kukuchemshia uji.

Harufu niliisikia kabla ya kuona moshi. Waya ule wa kuunganishia ulikuwa umeyeyuka na kushikana na wa diski, na pawa saplai ilitoa mlio mmoja ikanyamaza. Nilichomoa waya kwenye soketi. Nilisimama pale na mwiko mkononi.

Nilikuja chumbani ukafumbua macho. Nilikuambia imezima, naipeleka kwa fundi. Ulisema, sauti yako haijai hata kiganja, "Mama, toa diski kwanza."

Nilisikia, Swabra. Watu wakiniuliza nasema labda sikusikia vizuri, ulikuwa na homa. Nilisikia. Parafujo mbili tu, na ulishanionyesha. Lakini fundi alikuwa akifunga mapema siku ile, na Bi Mwanaesha alishapiga simu, na nilijisemea kwamba mashine imekufa, nani ataona kitu ndani ya mashine iliyokufa? Niliifunga kwenye leso, nikaipakia juu ya punda wa jirani kama mwenye mzigo wa makaa, nikaipeleka na diski yake yenye picha zote ndani.

Fundi alikaa nayo mpaka Jumamosi. Aliirudisha na pawa saplai nyingine, akaniambia nisiiweke tena kadi ile. Nilimshukuru.

Ni nani alifungua diski akatoa kipande cha harusi, hatukujua na hatutajua. Yeye aliapa kwa Mwenyezi Mungu, na dukani kwake huingia watu wengi. Nilimchukia muda mrefu. Sasa hata hilo limeniishia, maana hata akiwa ni yeye, aliyempa ni mimi.

Kipande chenyewe kilikuwa kifupi. Fatma amekaa kitako amepambwa, uso wazi, mabega wazi, na mbele yake wanawake wanacheza. Kilipita kwenye simu za vijana kabla hakijafika kwetu. Babako alirudi Ijumaa iliyofuata mapema kuliko kawaida. Hakuvua kofia. Alikaa kwenye ngazi, akasema, "Nimeonyeshwa kwenye boti. Na mtu asiyejua kwamba anayecheza pale ni dada yangu."

Nilimuuliza alimjibu nini. Akasema, "Nilitazama mbali." Basi. Hajanipiga, hajaniapiza, hajaniuliza hata swali moja mpaka leo. Ungedhani ni huruma. Mimi nilingoja swali lile kama mgonjwa anavyongoja daktari, na sasa silingoji tena.

Nilikwenda kwa Bi Mwanaesha peke yangu. Hujawahi kuniuliza nini kilitokea, na mimi sikukuambia. Alinifungulia mwenyewe. Hakunikaribisha ukumbini, tulisimama dakani, pale pa kuingilia, kama watu wa mitaa miwili tofauti. Nilianza kusema, akainua mkono.

"Zuhura, mato ya watu yashaona. Utayafumba weye?"

"La, Bi."

"Talaka imekuja kwa simu. Mwanangu kasomewa talaka na simu, kama habari za bei ya unga."

Nilipiga magoti. Akanishika mkono akaninyanyua, na mkono wake ulikuwa wa upole, ule ule ulionipokea nilipokuja bibi harusi. Akasema, "Sitakuapiza. Ila ndia ya nyumba hii uisahau." Nyuma yake nilimwona Fatma amekaa juu ya mkeka anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Nilitaka aniite jina langu hata kwa tusi.

Baada ya hapo ndipo tulipoinunua kadi ndogo. Watu hawakuelewa kwa nini, na sijui kama wewe ulielewa. Niliuza bangili zangu, nikakupa, nikasema nenda Mombasa kachague unayoitaka. Ulikwenda na shangazi yako. Ulirudi nayo kwenye mkoba wa mkononi. Ulitoa parafujo, ukaibonyeza mahali pake ikalia tik, ukafunga kifuniko cha kasha, kile kilichokuwa chini ya kitanda. Ukawasha. Hatukusikia kitu. Nilidhani imekataa mpaka nilipoiona skrini ikiwaka.

Ulifungua harusi ya Fatma ukaisogeza mbele na nyuma. Ilikwenda kama maji. Ukaiagiza itoke, ukaweka kiganja juu ya pawa saplai, ukanichukua mkono na kuuweka pale. Ilikuwa vuguvugu tu. Ilichelewa kidogo kuliko kadi kubwa, ndiyo, tulipata hata muda wa kula. Ilitosha, mwanangu. Ilitutosha tangu mwanzo. Ulinitazama na nilijua utasema, na nilitaka useme, "Nilikwambia, Mama." Ulikwenda kuosha vyombo. Laiti ungesema.

Mimi nilikuwa nikiamini kwamba kosa likishajulikana lilipo, linatengenezeka. Radio ikikoroma, unatafuta waya uliolegea. Kwa hiyo nilifikiri tukiiweka kadi ya sawa, tukafunga kasha, tukanunua kufuli la chumba, watu watarudi. Nilimaliza ile video ya Fatma nikaituma kwa mkono wa bibi yako. Ilirudi siku ileile na ujumbe mmoja wa Bi Mwanaesha, ifutwe, na atakuja mwenyewe kuona ikifutwa.

Alikuja. Na baada yake wakaanza kuja wengine.

Hizo ndizo siku ninazoziona nikifumba macho. Wanawake wa harusi zote tulizopiga, mmoja mmoja, baada ya alasiri, nyuso zimefunikwa, wakipita kichochoro cha nyuma kama wanaokuja kununua haramu. Hawakuja kugombana. Laiti wangegombana. Waliketi kando yako kwenye kile kigoda, wakaomba waione mara moja tu, kisha ifutwe wakiwa wanaona. Na wewe uliwachezea. Kadi ile haikusita hata mara moja. Picha zilitiririka, rangi za leso, dhahabu, hina, kila mkono ulioinuka ulionekana ukishuka. Hatukuwahi kuzitazama vizuri vile. Zilipofika mwisho ulikuwa ukiuliza, "Nifute, Bi?" na wao walikuwa wakisema, "Futa."

Bi Tima ndiye aliyenivunja. Unamjua, yule wa Langoni anayeuza mahamri. Alisema, "Nimepita ndia ya nyuma, nisionekane," akavua ukaya, akaketi. Harusi yake mamake alikuwa hai. Mamake alicheza pale katikati na fimbo, mzee wa watu, wote wanapiga vigelegele.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," alikuambia.

Ulirudisha.

"Tena."

Ulirudisha tena, na tena, na yeye alikuwa amegusa skrini kwa kidole kama anayetaka kumfuta mamake jasho. Ulimwambia, "Bi Tima, nikuachie hiki kipande tu? Nikuwekee mahali pake?"

Akafikiri. Wallahi alifikiri sana. Kisha akasema, "Nani atanilindia?"

Sisi ndio tuliokuwa tukilinda, Swabra. Hilo ndilo tulilokuwa tukiuza. Uligeuka kunitazama, nami nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akasema, "Futa."

Alipoondoka uliegemeza paji la uso kwenye meza. Nilikuja nyuma yako nikataka kukugusa bega, na bega lako likanikwepa. Tangu siku ile mpaka leo, mwanangu, hatujazungumza. Tumeambiana chumvi iko wapi na nani amegonga, lakini hatujazungumza.

Waliokuwa wakija kukuposa walileta salamu kwamba kijana wao anataka kusoma kwanza. Kazi ya kupiga picha za pasipoti pale shuleni ulipoiomba walikuambia wamepata mtu. Harusi za mwaka huu hazipigwi kabisa, na wasichana wanaolewa bila hata picha moja ya kuwaonyesha watoto wao, na wengine wananihesabia hilo pia. Ndipo shangazi yako akaleta habari ya wakala wa kazi za Arabuni. Ningeweza kumkasirikia. Lakini yeye ndiye aliyecheza mbele ya Fatma usiku ule, hawezi kupita barazani kwa wanaume bila kuinamisha kichwa, na bado ndiye pekee aliyekutafutia mlango. Ulipotia saini sikukukataza. Ningekuambia ukae ufanye nini?

Nasikia akinamama wakiwaambia watoto wao wanaoondoka kwamba mambo yatakuwa mema. Mimi sioni hivyo, na umesikia uongo wa kutosha. Najua nyumba za huko zilivyo, nina binamu aliyerudi hasemi. Sidhani kwamba utarudi hapa ukafungua studio. Sidhani kwamba mji utasahau. Mji hausahau, unachoka tu, na ukichoka sisi tutakuwa tumezeeka.

Lakini kama itatokea, mahali popote, kwamba umepata meza na mashine, nisikilize kwa hili moja, kwa kuwa nimelilipia. Usianze na kuuliza kadi inaweza nini. Anza na nyumba. Fungua kasha, soma kibandiko cha pawa saplai, tazama una waya gani na huna upi, pima nafasi kwa rula. Ujue stima ya mahali hapo inavyopanda na kushuka. Ukishajua nyumba inaweza kulisha nini, ndipo utafute mlaji. Hata ndogo, tazama isiwe na kumbukumbu kidogo mno, gigabaiti nne kwa uchache, maana video za siku hizi zinakula. Usinunue kilichochoka kwa sababu ni kikubwa. Na muuzaji asipojibu kimefanya kazi wapi, amekujibu. Lakini haya yote ulikuwa ukiyajua wewe kabla yangu. Najikuta nakufundisha maneno yako mwenyewe, na sina mengine.

Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu wa kuzidi. Hilo tu. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri zaidi na hakuna. Na lile la diski halina hata sababu hiyo. Sikuombi unisamehe. Msamaha ukitoka kwa mtu anayepanda basi kesho asubuhi ni kama sarafu ya kumuondoa ombaomba mlangoni, sitaki unipe hivyo. Ukae nao. Ukija kuwa nao kweli siku moja, utajua la kuufanya, hata kama mimi sitakuwepo.

Jua limepita upande wa pili wa ua, na nasikia mtu anaadhini. Utakuwa njiani.

Kesho nitakuja nawe mpaka Mokowe. Usinikataze. Babako atakaa mbele na wewe, mimi nitakaa nyuma ya boti karibu na injini, pale ambapo watu hawasikilizani hata wakitaka. Hutalazimika kusema nami. Nitabeba lile begi dogo. Nikishaona umekaa dirishani na basi limeondoka, nitarudi na boti ya kwanza.

Mamako,
Zuhura